Sentensi Tatu za Kweli

Kolo, Kondoa
2 Februari 2025

Mwalimu wangu Evodia,

Shikamoo. Ni mimi Masudi Hassani, yule aliyekuwa akikubebea madaftari kutoka darasani hadi nyumbani, Kidato cha Nne, mwaka 2007. Kama umenisahau sitashangaa, ila naomba usome mpaka mwisho kabla hujaiweka barua pembeni.

Nilikutana na Penina, yule tuliyesoma naye. Ndiye aliyeniambia kwamba umestaafu, unaishi Nkuhungu, na kwamba masikio yamekataa kazi kabisa. Anasema simu ikiita unaitazama tu inavyotetemeka mezani. Nikaona basi niandike, kama zamani. Barua nampa Uwesu, dereva wa basi linalopita hapa kwenda Dodoma, naye ataiacha kwa wakala wao stendi. Majibu nayo ukimwachia wakala, yatanifikia.

Shida yangu ni Kiingereza. Nina miaka thelathini na sita, mke na watoto watatu, na kazi yangu ni kuwabebea wageni mabegi kwenda kuona michoro ya miambani. Kuwaongoza siruhusiwi, kwa sababu cheti changu kina ile F unayoijua. Novemba nataka kurisiti, niurudie mtihani ule, na sina mwalimu mwingine ninayemwamini.

Wiki iliyopita nilipanda na mzee wa Kizungu na mkewe. Katikati ya mlima mzee akakaa juu ya jiwe akasema, "I give up." Nikaelewa kwamba pumzi imemwishia. Mkewe akanieleza kuwa heri angekuwa ame-"give up" sigara mapema. Nikaanza kuchanganyikiwa. Kushuka, kwenye gari, naambiwa mimi ndiye ni-"give up" kiti changu ili mzee anyooshe mguu! Maneno mawili madogo, nayajua yote mawili tangu darasa la tano, na yakikaa pamoja yananigeuka. Naomba tuanzie hapo.

Mwanafunzi wako,
Masudi


Nkuhungu, Dodoma
12 Februari 2025

Masudi mwanangu,

Marahaba. Nikusahau vipi? Madaftari arobaini na nane kila siku, na hata moja halikuwahi kulowa mvua. Nilikuwa nawaambia walimu wenzangu, nyumba yangu inaingiwa na watoto wawili tu bila kubisha hodi, Joel mwanangu na Masudi wa Kolo.

F yako iliniuma kuliko F zote. Nilijua si akili, ni huzuni. Mlikuwa chanda na pete wewe na Joel, na yeye alikuwa ameshaondoka kwa yale yaliyotokea. Nimeona umeandika barua nzima bila kumtaja. Watu wote huanza na "Joel yuko wapi siku hizi?" kisha wanasubiri jibu kwa hamu. Wewe umeniepusha na hilo. Bado una adabu, na nakushukuru.

Sasa kazi. "Give up" ya mzee wako juu ya jiwe ni kukubali umeshindwa. Ya sigara ni kuacha zoea. Ya kiti ni kumwachia mwingine kitu ambacho ni haki yako. Ipo na ya nne, tutaifikia.

Sheria yangu unaikumbuka. Kila neno sentensi tatu, na zote ziwe za kweli, zilizokutokea wewe. Sitaki "John gave up football." John ni nani? Mtu akidanganya kwa lugha ya kigeni hajui hata amedanganya nini. Andika ukiacha mstari mmoja wazi, kalamu yangu nyekundu inahitaji nafasi.

Ukimwona Penina mwambie simu yangu inanisaidia sana. Naangalia saa.

Mwalimu wako,
Evodia Chilewa


Kolo
3 Machi 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Tumeanza kufunga, kwa hiyo ukiona mwandiko unalala, ni njaa. Nimempa Uwesu ulezi kidogo wa uji wako.

Sentensi zangu ni hizi. "I gave up sugar for one week." Niliacha sukari kwa wiki moja, daktari alinitisha, halafu sikumwona tena. "My mother gave up her bed." Nilipougua mama aliniachia kitanda chake akalala chini, Mungu amrehemu. "I gave up in the exam room." Hiyo ya tatu ni ya siku ile ya Kiingereza. Nilikaa na karatasi saa nzima bila kuandika, nikafunika kalamu nikatoka.

Zote ni za kweli. Ya nne ni ipi? Usinifiche, nisije nikakutana nayo kwenye mtihani.

Masudi


Nkuhungu
17 Machi 2025

Masudi mwanangu,

Marahaba, na funga njema. Ulezi nimeupokea. Sentensi zako sikuzitia wekundu hata tone, isipokuwa herufi moja kubwa.

Ya nne ni kumtoa mtu. Mtu anatafutwa, wewe unajua alipo, au amejificha nyuma yako, ukamsogeza mbele ukasema huyu hapa, mchukueni. Na kwa kuwa sheria inanibana na mimi, sentensi yangu ya kweli ni hii: "I gave up my son."

Unaijua habari yenyewe, ulikuwepo. Lakini sijawahi kuiandika, na mkono umeshaanza, acha uendelee.

Karatasi za moko, ule mtihani wa majaribio, nilizifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Funguo nilikuwa naitundika nyuma ya kalenda, nikidhani nina akili. Siku mbili kabla ya mtihani nilirudi nyumbani mapema, nikamkuta Joel amepiga magoti, sanduku liko wazi, karatasi ya Kiingereza iko mkononi mwake na mkono uko ndani ya sanduku. Wewe ulikuwa nje karibu na pipa la maji na madaftari yangu. Nikakuita. "Masudi, njoo uone, uwe shahidi wangu." Ukaja ukasimama mlangoni. Joel akakutazama, kisha akanitazama mimi, akasema, "Mama, naomba uniamini."

Saa hiyohiyo nilimshika mkono nikampeleka kwa mkuu wa shule. Nilitaka watu waseme mama Joel hapendelei. Na walisema kweli, nilisifiwa mstarini asubuhi ile alipofukuzwa mbele ya wenzake. Akaenda Mtera kwenye samaki, na huko yuko mpaka leo. Nilimpa sharti moja tu, asikanyage kwangu mpaka akiri. Neno moja, "Nilikosea." Miaka kumi na minane hajalisema.

Najiambia nilitenda haki. Najiambia kila asubuhi, na jambo la haki halihitaji kusemwa kila asubuhi. Nina hatia, Masudi, na siijui ni ya nini.

Sasa sikiliza. Ameniletea ujumbe. Binti yake mkubwa, Loisi, anapata kipaimara Jumapili ya tarehe 15 Juni, na mtoto mwenyewe ndiye anayemtaka bibi yake. Sijawahi kumwona. Ningependa kwenda kuliko ninavyoweza kukuandikia, lakini sharti ni sharti, nikilivunja leo basi nilimtesa bure. Wewe mlipendana. Mwandikie. Mwambie aseme lile neno moja, mama yake azeeke akiwa na watu wake. Wewe atakusikiliza.

Mwalimu wako,
Evodia


Kolo
24 Aprili 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Idi imepita salama, halafu mahindi, halafu nyani wanaotaka mahindi hayohayo. Nafanya mitihani ya zamani kila jioni. Naleta sentensi mbili za "give up" kwa marudio, moja ya kahawa na moja ya kuvuta ugoro.

Kuhusu Joel, nitamwandikia. Wacha kwanza mavuno yaishe.

Masudi


Nkuhungu
2 Mei 2025

Masudi,

Mahindi hayashiki kalamu. Nilikuomba sentensi tatu, umeleta mbili, na ya maana ya nne haipo. Darasani pia ulikuwa hivyo, swali linalokuuma unaliruka, unajibu yaliyobaki kwa mwandiko mzuri.

Mwanangu hajasema neno. Nimemjibu kwamba siendi Mtera. Nguo niliyomshonea mtoto nitaituma kwa mtu.

Evodia


Kolo
19 Mei 2025

Mwalimu,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaniitikia ukimaliza kusoma.

Hizi hapa za maana ya nne. Nimeziandika mara nyingi nikachana.

"Joel did not give me up." Joel hakunitaja.

"You gave up the wrong boy." Mtoto uliyemtoa siye.

"I let you." Mimi nilikuacha umtoe. Hii haina lile neno letu, lakini ni ya kweli, na sheria ni kweli kwanza.

Karatasi niliichukua mimi. Wewe mwenyewe umeandika kwamba niliingia bila hodi. Niliweka madaftari mezani, nikatoa funguo nyuma ya kalenda, nikafungua sanduku, nikatoka na karatasi nimeificha katikati ya madaftari. Nilikuwa naogopa Kiingereza kuliko nyoka, na mama alikuwa ameshawaambia majirani wote kwamba mwanawe atakuwa mwalimu. Joel alinikuta nyuma ya jiko naisoma. Hakugomba. Alisema, "Lete, nikairudishe kabla mama hajarudi." Nikamwambia akikutwa je? Akacheka, akasema, "Mimi mtoto wake, atanifanya nini?"

Ulipomkuta, mwalimu, mkono wake ulikuwa unaingiza karatasi. Haukuwa unatoa.

Uliponiita niwe shahidi nilikuja na madaftari yako kifuani. Joel alinitazama. Aliningoja. Mpaka leo nikifunga macho naona anavyoningoja. Nilitazama kalenda ukutani, picha ilikuwa ya mashua, nikaisoma tarehe mpaka ukamtoa nje kwa mkono. Jioni ile nilikuletea maji, na wewe ukanipa chai. Ukasema, "Pole, najua ni rafiki yako." Nikainywa. Ile chai nimeitapika miaka yote hii na haijaisha.

F haikuwa huzuni. Kila nikisoma swali namwona Joel mstarini. Niliona nikipata hata D itakuwa nimefaidika.

Nilipoandika barua ya kwanza nilitaka kweli kurisiti. Lakini nilitaka pia uniulize, halafu nikaogopa utaniuliza. Nikakuletea ulezi. Hukumkosea mwanao kwa kuwa mkali, ulimkosea kwa kuwa uliniamini mimi. Na yeye hawezi kukiri, mwalimu. Hana cha kukiri. Usimsubiri.

Siombi msamaha, nauonea haya. Naomba uende Mtera.

Masudi


Nkuhungu
28 Mei 2025

Joel mwanangu,

Barua hii namkabidhi mwinjilisti Bartolomayo, maana anakuja huko kuwaandaa watoto wa kipaimara. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, asimpe mtu mwingine.

Ndani yake utakuta barua ya Masudi. Soma hiyo kwanza.

Umeisoma. Sasa na mimi. Anasema kosa langu ni kumwamini yeye. Ananihurumia, na mimi sistahili. Nimefundisha miaka thelathini na nne na kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali. Nani, nini, lini, kwa nini. Siku ile mwanangu amepiga magoti mbele yangu sikuuliza hata moja. Swali lilikuwa dogo, la mtoto wa darasa la kwanza: unatoa au unarudisha? Ungejibu. Sikukuuliza kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonekana mama mwenye haki. Nilisifiwa kwa machozi yako, na nilizipenda zile sifa, Joel. Hilo ndilo sikuwahi kumwambia mtu.

Halafu nikakudai neno ambalo huna. Ulinitumia picha za harusi nikairudisha bahasha. Ulinitumia samaki wakavu, nikawagawia majirani.

Nakuja tarehe 15. Usiniandalie kitu. Kama hutaki niingie kanisani nitakaa nje, nimwone mtoto akitoka. Ujue kwamba sisikii tena, hata kidogo. Usiponijibu hapo mlangoni nitafikiri nimekosa kusikia, kwa hiyo nitabeba daftari na kalamu.

Mama yako


Nkuhungu
20 Juni 2025

Masudi,

Marahaba. Nimekuitikia.

Barua yako ilinikaa mezani siku tatu nikiwa siwezi hata kuosha kikombe. Nilikuchukia, nataka ujue, na nilijichukia zaidi, na nilipoona nimeweka alama nyekundu kwenye nukta uliyoisahau nilicheka kwa sauti ambayo siisikii, kisha nikalia.

Nilikwenda. Basi lilifika Mtera ibada imeshaanza, nikakaa benchi la nyuma na nguo ya mtoto mapajani. Loisi ana shingo ya babu yake. Askofu alipomwekea mikono nilisimama wakati watu wote wamekaa, nikavutwa chini na mama mmoja nisiyemjua.

Nje Joel alinijia. Amenenepa, ana mvi hapa na hapa. Akasimama mbele yangu, midomo ikaanza kusema. Alisema sana, Masudi. Alisema kama mtu anayemwaga maji yaliyojaa pipa, na mimi namtazama mdomo na sipati hata neno moja. Miaka kumi na minane nilikataa kumsikia, na siku niliyotaka kusikia sina masikio. Nikatoa daftari. Nikaandika lile swali langu lililochelewa, "Ulikuwa unatoa au unarudisha?" nikampa kalamu.

Alilisoma. Yale yote aliyokuwa amesema kwa mdomo hakuyarudia. Aliandika, "Narudisha." Chini yake akaandika, "Nilikuwa nangoja uniulize." Halafu, baada ya mkewe kumgusa bega, akaandika, "Mama, chakula kinapoa." Nikaingia ndani nikala. Nimelala kwao siku tatu. Loisi amejifunza kuandika haraka kwa ajili yangu, na makosa yake ya tahajia siyagusi.

Kuhusu wewe nilimwandikia Joel swali moja. Alifunga daftari akaenda kutazama nyavu zake. Sikumuuliza tena. Na mimi sijakusamehe, bado, usidhani mwandiko huu mzuri una maana hiyo. Lakini Novemba haitusubiri, na hutaingia tena kwenye chumba cha mtihani na kutoka mikono mitupu kwa ajili ya mwanangu. Yeye hakukuficha ili upate F.

Neno la leo ni "put back." Maana yake ni moja tu utakayohitaji, kurudisha kitu mahali pake. Sheria ni ileile, sentensi tatu za kweli. Ya kwanza nakupa mimi: "My son was putting it back." Mbili zilizobaki ni zako, na hizo usiniletee mimi. Basi la Mtera linaondoka stendi saa mbili asubuhi.

Mwalimu wako,
Evodia Chilewa, mama Joel